Ua Linalochungulia Juu ya Ua

Kiswahili kina mzaha wake: ua huchanua, na ua huzunguka nyumba. Katika nyumba nilizozijua utotoni Lushoto, uzuri wa bustani ulipimwa pale hayo mawili yanapokutana. Mpita njia akiwa barabarani, je, analiona ua juu ya ua? Akiliona, mwenye nyumba ana mkono wa kuotesha. Asipoliona, hata kama huko ndani kumetandikwa zulia la rangi zote, hakuna wa kupiga hodi kuomba mbegu.

Maua marefu ya namna hiyo, dalia, kana, alizeti, holihoki, siku hizi yamepisha vyungu vya barazani na nyasi za kukatwa kwa mashine. Wengi wanaoyarudia hukosea pale pale nilipokosea mimi. Nilipohamia Tanga mjini nilibeba kikapu cha viazi vya dalia kutoka kwa mama, nikavizika mbele ya nyumba kama alivyokuwa akifanya yeye. Viliota, siwezi kusema havikuota. Mashina yakarefuka, membamba na malegevu, yakatoa maua matatu madogo kama vifungo vya koti. Masika ikaja, na viazi vikaoza vyote ardhini. Bibi jirani alikuwa ametazama yote kimya. Siku nachimba uozo ule akaniambia, "Mwanangu, wewe umepanda baridi kwenye joto."

Hilo ndilo swali la kwanza, na linatangulia udongo na mbolea: usiku wako una baridi kiasi gani? Dalia asili yake ni milima ya Meksiko, ambako tangu mwaka 1963 ni ua la taifa. Mtaalamu wa Madrid, Cavanilles, ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1791 kwa heshima ya Anders Dahl wa Uswidi, lakini kuzunguka kwake Ulaya hakukuibadilisha tabia. Inataka jua la mchana na ubaridi wa usiku. Kwa hiyo Lushoto, Marangu, Njombe, Limuru, panda dalia bila woga. Tanga, Mombasa, Dar es Salaam, panda kana na alizeti, na dalia uende kuitazama kwa ndugu zako wa milimani.

Basi tuanze na wa milimani. Kiazi cha dalia kinafanana na kiazi kitamu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kiazi kitamu huota popote kwenye mwili wake. Cha dalia huota shingoni tu, pale kinapoungana na shina la zamani. Ukipewa kiazi kinono kilichokatika shingo, umepewa chakula cha mchwa. Ukipewa kikonda chenye kipande cha shina na jicho dogo linalovimba, umepewa mmea. Mama alikuwa akiviweka kwenye kikapu chenye mchanga mkavu, mahali penye kivuli, na hapandi mpaka aone jicho.

Shimo liwe la sentimita 10 hadi 15, na kati ya mmea na mmea uache sentimita 60 hadi 90. Utaona bustani ni tupu na mkono utakuwasha kuongeza, usiongeze. Changanya udongo na samadi iliyooza ikawa kama udongo wenyewe. Mbolea mbichi ya kuku huleta majani mapana, shina laini na maua ya kuhesabu. Panda mvua za vuli zinapoanza, kisha, kama udongo una unyevu, usimwagilie hata kidogo mpaka chipukizi litokeze. Kiazi kisicho na majani hakina njia ya kuyatumia maji hayo, kitaoza tu.

Lakini kabla ya kiazi, ufito. Hapa sina mjadala na mtu. Ufito husimikwa siku ya kupanda, shimo likiwa wazi na wewe unaona kiazi kilipo. Ukingoja mmea urefuke ndipo uchomeke mti, utakitoboa kiazi chini kwa chini na wala hutajua, na wiki mbili baadaye utalaumu udongo. Ufito uwe na urefu wa mtu, sentimita 50 zikiwa ardhini. Uwe mkavu. Mti mbichi kwenye udongo wa milimani una tabia ya kuota wenyewe. Niliwahi kuegemeza dalia, nikavuna mti. Ncha ya chini ichome motoni hadi iwe nyeusi ili kuwachelewesha mchwa. Na kufungia, tumia vitambaa vya kanga kuukuu. Tanga ni mji wa katani na naiheshimu, lakini kamba ya katani hulichuna shina la dalia, ambalo ndani ni wazi kama mrija. Funga kwa umbo la nane, tundu moja la ufito na moja la shina, pabaki nafasi ya kuyumba kidogo. Ongeza fundo jingine kila mmea unapopanda kama sentimita 30.

Shina likifikisha jozi nne za majani, kata ncha yake. Inauma, maana ndiyo kwanza lilikuwa limeanza kujivuna. Litakununia siku chache, kisha litatoa matawi pembeni, na mahali palipokuwa na ua moja patakuwa na mengi. Maua yakianza, yaliyonyauka yakatwe kila baada ya siku mbili tatu, na hapa mgeni hukata yasiyokatwa. Tumba jipya ni mviringo, gumu kama kifungo. Ua lililokwisha hujifunga tena likachongoka kama pia, na ukilibana linatoa maji. Kata lenye umbo la pia.

Adui mkubwa ni konokono na koa, hasa chipukizi zikiwa changa. Majivu kuzunguka shina husaidia mpaka mvua ya kwanza. Tochi na kopo usiku husaidia zaidi.

Yuko pia dalia mti, anayepita hata bati la jikoni. Huyo hana haja ya kiazi: unakata shina lililokomaa vipande vya pingili mbili, kama muwa, unavilaza kwenye mfereji na kuvifunika. Mpe kona isiyo na upepo, basi.

Holihoki nalo ni la baridi. Ni ndugu wa bamia, ukilitazama ua lake utaona ujamaa. Kwa kawaida mwaka wa kwanza hutoa majani na wa pili hupanda na kuchanua, kwa hiyo usiling'oe kwa hasira. Mzizi wake huenda chini sana: sia mbegu pale litakapokaa. Majani ya chini yakipata madoa ya kutu, yatoe na uyachome.

Sasa pwani. Bibi jirani, baada ya kunicheka, alinipa kipande cha mzizi wa kana, mnene kama tangawizi, chenye macho mawili. Nilikifukia sentimita 10 karibu na bafu la nje, pale maji yanapotokea, na mwaka huo huo kulikuwa na ukuta mwekundu unaonizidi kimo. Kana hupenda maji kuliko ua lolote ninalolijua, na maji ya kuogea yenye sabuni ya kawaida hayaidhuru. Yenye dawa ya kung'arisha nguo yapeleke kwingine. Chimba kijifereji maji yasambae na kunywea ardhini, maana yakituama umefuga mbu. Haihitaji ufito. Shina likimaliza vichala vyake vyote, likate karibu kabisa na ardhi, halitachanua tena, na mengine yapo nyuma yake yanangoja nafasi. Majani yakipata michirizi ya njano isiyoeleweka, ng'oa mmea mzima uuchome, huo ni ugonjwa wa virusi na hauna dawa.

Mbegu za kana ni nyeusi na ngumu hasa. Huko Zimbabwe hutiwa ndani ya hosho, manyanga yanayofuatana na mbira. Ukitaka kuziotesha, sugua ganda kwa msasa mpaka uone weupe, kisha loweka usiku kucha. Bila hivyo utangoja sana.

Alizeti ni rahisi, mtoto anaweza kupanda, ila kuna jambo moja la kupanga. Vichwa vichanga hulifuata jua, lakini vikikomaa huacha kugeuka na kubaki vimeelekea mashariki. Ukitaka vikutazame ukiwa barazani, vipande magharibi ya baraza. Mimi vya kwanza nilivipanda upande wa pili, nikanywa kahawa mwezi mzima nikitazama visogo.

Vitabu vya Ulaya husema mimea mirefu ikae kaskazini mwa bustani isizifunike fupi. Kwetu jua hupita kaskazini katikati ya mwaka na kusini mwishoni mwake, kwa hiyo kanuni hiyo haitufai. Weka mirefu magharibi ya mchicha na bilinganya zako, iikinge na jua kali la alasiri.

Na mbegu utazitoa wapi? Usizichimbe porini. Kitulo, ambako wenyeji hukuita Bustani ya Mungu na ambako hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 2005, kumesumbuliwa vya kutosha na wachimba viazi vya okidi. Piga hodi kwa mwenye ua unaoliona barabarani. Kana hugawanywa kila baada ya miaka miwili au mitatu, kichaka kikishajibana katikati, na mwenye nyumba kwa kawaida anatafuta wa kumpunguzia. Beba kitu cha kubadilishana. Bibi jirani hakutaka hela. Alitaka rangi asiyokuwa nayo, na nilipompelekea ya njano yenye madoa mekundu alikipanda kipande kile papo hapo, mimi nikiwa nimeshika ndoo.