Mtaa Hutengenezwa na Wenyeji Wake: Somo Kutoka Mukuru, Nairobi

Mji haufanywi kuwa mahali pema pa kukaa kwa majumba marefu na barabara pana peke yake. Mji ni watu. Na watu wakiishi kila mtu na lake, hata penye fedha nyingi taka zitarundikana mlangoni na maji machafu yatapita uani. Jambo hili linawahusu wakaaji wa Nairobi, Mombasa na Kisumu, na vilevile linawahusu walioko mashambani, kwa maana ni nyumba chache zisizo na mwana au ndugu aliyekwenda mjini kutafuta kazi. Katika somo hili utaangaliwa mtaa mmoja wa Nairobi, uitwao Mukuru, ambako vikundi vingi vya wenyeji viliungana ili mtaa utengenezwe pasipo wakaaji wake kufukuzwa.

Mukuru ni mahali gani

Neno mukuru kwa Kikuyu maana yake ni bonde. Mtaa wenyewe uko upande wa kusini-mashariki wa mji, karibu na viwanda, na mto Ngong unapita kandokando yake. Una sehemu tatu kubwa: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Eneo lake lote ni zaidi ya ekari 500, na kaya zake ni kama 100,000. Watu walikuja hapo kwa sababu iliyo wazi: mtu wa kibarua hawezi kulipa nauli kila siku, basi hukaa mahali awezapo kwenda kazini kwa miguu.

Walakini sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imekwisha kugawiwa watu binafsi ili wajenge viwanda. Viwanda vingi havikujengwa, na mahali pake pakajaa vyumba vya mabati vya kupanga. Mpangaji hulipa kodi kwa mwenye chumba, na mwenye chumba mara nyingi siye mwenye ardhi. Hivyo watu watatu wana dai juu ya kiwanja kimoja, wala hapana hata mmoja mwenye moyo wa kuchimba mtaro, kwa kuwa hajui kama kesho atakuwapo.

Kwa ajili hiyo huduma za mji zilichelewa kufika, na mahali pake zikashikwa na wachuuzi. Maji yalinunuliwa kwa mtungi, na umeme ulipatikana kwa nyaya za kuungaunga. Ajabu ni kwamba mtu wa Mukuru alilipa zaidi kwa kila lita ya maji kuliko mtu wa mtaa wa matajiri mwenye bomba nyumbani mwake. Pia palikuwa na hatari ya maisha. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja kutoka kwenye bomba kubwa la mafuta lipitalo katika kijiji cha Sinai, upande wa Viwandani, ikashika moto, na watu wapatao 100 wakafa. Tangu hapo hapakuwa na mtu aliyeweza kusema ya kwamba mpango wa mtaa ni anasa.

Vikundi vilivyotangulia

Umoja haukuzuka siku moja. Mwaka 1996 wakaaji wa vijiji mbalimbali vya mabanda mjini Nairobi walianzisha Muungano wa Wanavijiji, ili kupinga ubomoaji wa nyumba bila taarifa. Baadaye Muungano ulijifunza ya kwamba kupinga tu hakutoshi, ukaanzisha vikundi vya akiba. Kila mwanachama huweka kidogo alichonacho, na fedha huandikwa katika kitabu mbele ya wenziwe.

Faida ya akiba si fedha peke yake. Watu wanaokutana kila juma kuhesabu shilingi zao hujuana kwa majina, hupimana uaminifu, na huzoea kutoa hesabu. Vikundi hivyo vilifanya pia kazi nyingine kubwa: kuhesabu nyumba, vyoo na mabomba ya mtaa wao. Mkaaji aliyekwenda ofisini na malalamiko alisikilizwa akasahauliwa. Lakini waliokwenda na hesabu iliyoandikwa na ramani iliyochorwa ilibidi wajibiwe.

Mpango wa mwaka 2017

Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya Jimbo la Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mpango. Maana yake kwa sheria ni kwamba ujenzi mpya husimamishwa kwa muda, mpaka mpango wa mahali hapo utengenezwe. Zaidi ya mashirika 40 yaliingia katika kazi hiyo, pamoja na Muungano na Chuo Kikuu cha Nairobi. Yaligawanywa kwa makundi: la afya, la elimu, la maji na usafi, la nyumba, la ardhi na sheria, la fedha, na mengineyo. Wataalamu walikaa meza moja na maofisa wa jimbo.

Je, watu wengi kiasi hicho wangeulizwaje maoni yao? Baraza moja la hadhara lisingetosha, kwa kuwa katika umati husikika wenye sauti kubwa tu. Kwa hiyo kaya ziliunganishwa kumi-kumi, na kila kumi zikachagua wa kuwasemea. Kisha makumi yakaunganishwa kuwa mabaraza makubwa zaidi. Kwa njia hiyo hata mama mfua nguo, asiyeweza kuacha kazi mchana kutwa, alikuwa na jirani wa kupeleka neno lake.

Shauri gumu kuliko yote lilikuwa la barabara. Kanuni za kawaida za mji hutaka barabara pana. Na kama kanuni hizo zingalifuatwa neno kwa neno, nyumba nyingi mno zingalivunjwa. Lakini pasipo njia yoyote, gari la kuzima moto haliwezi kuingia, wala mgonjwa hawezi kutolewa. Wenyeji na wataalamu wakapima uchochoro kwa uchochoro, wakakubaliana juu ya njia nyembamba kuliko kanuni, ili wanaohama wawe wachache.

Mfano mwingine ni bomba la maji machafu. Katika Mukuru kwa Reuben yalilazwa mabomba membamba, yasiyochimbiwa chini sana, yanayopita vichochoroni mahali pasipopita magari mazito. Kazi hiyo ni ya gharama ndogo kuliko mabomba makubwa ya barabarani. Lakini haiwezekani mpaka majirani wote wa uchochoro mmoja wakubali, na baadaye walinde bomba lao lisizibwe kwa taka. Mkaidi mmoja aweza kuwakosesha wengi.

Taabu zilizobaki

Haifai kudhani ya kwamba mambo yote yalikwisha. Mwishoni mwa mwaka 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao kwa ajili ya barabara. Mwaka 2024 mvua kubwa za masika zilifurisha mito ya Nairobi, na baada yake nyumba zilizokuwa kando ya maji katika Mukuru na Mathare zikavunjwa. Mpango ulioandikwa si ukuta. Huhitaji kulindwa na watu walewale waliouandika.

Tena kuna swali la kodi. Mtaa ukipata maji, njia na taa, mwenye chumba hupandisha kodi, na yule maskini aliyehudhuria mabaraza yote huenda akahamia bonde jingine. Swali hili halijibiwi kwa mabomba; hujibiwa kwa mapatano kati ya wapangaji, wenye vyumba, wenye ardhi na Serikali.

Mafunzo

Kwanza, kujuana hutangulia kujenga. Pili, hesabu na ramani zina nguvu kuliko malalamiko. Tatu, haki hupasa kujulikana: Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi, makao ya kufaa na usafi wa kiasi kinachofaa, lakini haki isiyodaiwa kwa utaratibu hubaki kitabuni. Nne, Serikali haiwezi kufanya kazi ya jirani, wala jirani hawezi kufanya kazi ya Serikali. Bomba kubwa hulazwa na mji. Uchochoro hufagiliwa na wanaoupita. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kuzungumzwa barazani

1. Katika mtaa au kijiji chenu, ni nani ajuaye idadi ya nyumba, vyoo na mabomba ya maji?
2. Ikiwa njia ni lazima ipanuliwe, nyumba ya kuondolewa yafaa ichaguliwe kwa namna gani, na mwenyewe alipwe nini?
3. Mpangaji aliyesaidia kuutengeneza mtaa alindwe vipi asifukuzwe na kodi?