Usipoziba Ufa: Somo la Kutia Programu Kiraka



Wahenga hawakuwahi kuiona tarakilishi, lakini waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, utadhani walikuwa wakizungumza na mafundi wa programu. Katika kurasa hizi nimekusudia kufafanua jinsi programu huria inavyopata hitilafu, inavyochunguzwa na inavyotiwa kiraka na watu walio mbalimbali, wengine wasiowahi kuonana maishani. Usiseme, "Aa, hayo ni ya wale wa somo la kompyuta." Ngoja kidogo. Utaona kuwa nusu ya kazi hiyo ni kazi ya lugha, na hapo sisi wanachama wa Kiswahili hatuna pa kujificha.

1. Programu huria ni nini?

Programu ni maagizo ambayo tarakilishi huyafuata. Maagizo hayo huandikwa na binadamu kwa lugha maalumu, na maandishi yake huitwa msimbo. Kampuni nyingi huficha msimbo wao kama mpishi anayeficha siri ya pilau yake. Unauziwa sahani, unakula, basi. Chumvi ikizidi huna la kufanya ila kumngoja mpishi mwenyewe.

Programu huria ina desturi nyingine. Msimbo wake umeanikwa juani. Yeyote ana ruhusa ya kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuwagawia wenzake. Hapa Kiswahili kimewapiku Waingereza, maana wao wana neno moja tu la kubeba maana ya "huru" na "bure", na imewabidi kueleza tofauti hiyo tena na tena tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka wa 1983. Sisi tuna maneno mawili, tena tumeongeza "huria". Programu huria mara nyingi hupatikana bure, lakini sifa yake kuu ni ule uhuru wa kuifungua na kuitengeneza.

Mfano ulio maarufu ni Linux, ambayo Linus Torvalds wa Finland aliitangaza mwaka wa 1991 akiwa angali mwanafunzi wa chuo kikuu. Simu zote za Android, zikiwemo zile zilizo mifukoni mwa wazazi wetu, zina kiini cha Linux ndani yake.

2. Mfano wa nyumbani: OpenMRS

Wengi hudhani kwamba programu hutungwa ng'ambo, kisha sisi huletewa. Basi wacha nikupe mfano uliochipuka hapa Kenya.

Mwaka wa 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot huko Nandi, si mbali na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianza kuweka rekodi za wagonjwa katika kompyuta. Mfumo ule ulikuwa mdogo, nao ulikifaa kituo kile. Baadaye mpango wa AMPATH, wa kuwatibu watu wenye virusi vya UKIMWI magharibi mwa Kenya, ukapanuka upesi na wagonjwa wakawa maelfu. Mwaka wa 2004 madaktari wawili, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret wakaukagua mfumo huo. Waliona wazi kwamba hautaubeba mzigo. Ilikuwa kama kumtwika punda mmoja maji ya kijiji kizima. Hapo kiraka kisingetosha. Ilibidi ukuta ujengwe.

Wakasanifu mfumo mpya, OpenMRS, wakishirikiana na wenzao wa shirika la Partners In Health na wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini. Msimbo wake waliuacha wazi. Ulianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006, na mwaka huo huo ukafika Rwanda. Hivi leo unatumika katika nchi nyingi, na mfumo wa KenyaEMR, ulio katika vituo vingi vya afya nchini, umejengwa juu yake.

Sasa fikiria uzito wa jambo lenyewe. Katika mchezo wa simu, hitilafu itakukosesha pointi, ukasirike, ukalale. Katika rekodi za hospitali, tarehe moja ikipotea, mgonjwa hataitwa siku yake ya kuchukua dawa. Ndiyo maana kuripoti na kurekebisha hitilafu si mchezo.

3. Kueleza hitilafu: tujifunze kwa mfugaji

Mfugaji wa hapa Isinya akimpigia simu daktari wa mifugo, hasemi tu, "Daktari, ng'ombe wangu ni mgonjwa, njoo." Husema hivi: "Ni mtamba wa miaka miwili. Ameacha kula tangu juzi jioni. Mwili una joto jingi. Tezi zilizo chini ya sikio zimevimba, na nimemtoa kupe. Wenzake wote wako salama." Daktari, hata kabla hajawasha pikipiki, ameshaanza kufikiria ndigana kali na amejua dawa ya kubeba.

Ripoti ya hitilafu ni vivyo hivyo. Iwe na mambo haya matano:

(a) Toleo la programu unayotumia, na aina ya mashine.
(b) Hatua ulizofuata, moja baada ya nyingine.
(c) Ulichotarajia kukiona.
(d) Ulichokiona. Kama kuna ujumbe wa kosa, unakili neno kwa neno.
(e) Kama hitilafu hutokea kila mara au mara mojamoja, na yale uliyokwisha kujaribu.

Linganisha ripoti mbili hizi, ambazo nimezibuni kwa ajili ya somo.

Ripoti ya kwanza: "Programu yenu ni bovu kabisa! Tarehe hazifanyi kazi. Tengenezeni haraka!!!"

Ripoti ya pili: "Ninatumia toleo la 2.3 katika kompyuta ya Linux. Nilifungua ukurasa wa mgonjwa wa majaribio, nikaandika kuwa atarudi tarehe 29 Februari 2028, kisha nikabonyeza Hifadhi. Nilitarajia tarehe ihifadhiwe kwa kuwa mwaka wa 2028 una siku 366. Badala yake nafasi ilibaki tupu, na hapakuwa na ujumbe wowote wa kosa. Nimejaribu mara tatu, matokeo ni yale yale. Tarehe 28 Februari na 1 Machi za mwaka huo zinahifadhiwa vizuri."

Aliyeandika ya kwanza amepiga kelele, na fundi hana pa kuanzia. Aliyeandika ya pili huenda hajui kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, lakini ameshafanya nusu ya kazi. Fundi akiisoma atakisia papo hapo kwamba hesabu ya miaka mirefu ina kasoro. Kumbuka pia kwamba ripoti hizi husomwa na watu wengi. Usitie jina wala siri ya mgonjwa wa kweli. Tumia mgonjwa wa majaribio, kama alivyofanya huyu.

4. Kusaka chanzo

Fundi akishapata ripoti, jambo la kwanza ni kuifanya hitilafu itokee tena mbele ya macho yake mwenyewe. Asipoiona hawezi kujua kama ameiponya. Kisha hupunguza: huondoa yote yasiyohusika hadi abaki na hatua chache mno zinazoileta. Tena hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitano kwa mpigo na mambo yakatengenea, utajuaje ni kipi kilichoponya?

Iko pia mbinu ya kugawa nusu kwa nusu. Tuseme mwezi jana programu ilikuwa nzima, leo imeharibika, na katikati yamefanywa mabadiliko 64. Je, tuyajaribu yote 64? La hasha! Jaribu toleo lililo baada ya badiliko la 32. Likiwa zima, kosa limo katika 32 ya mwisho. Likiwa bovu, limo katika 32 ya kwanza. Gawa tena: 16, 8, 4, 2, 1. Kwa majaribio sita tu umemnasa mwizi. Haya, nani alisema hisabati haina kazi nje ya darasa?

5. Kiraka chenyewe

Kiraka cha programu ni maandishi mafupi yanayoonyesha mistari ya kuondoa na mistari ya kutia. Mwaka wa 1985 Larry Wall wa Marekani alitoa programu ndogo ya kushonea viraka vya namna hiyo. Alama ya kutoa huonyesha mstari unaoondolewa, na alama ya kujumlisha huonyesha unaoingia. Mstari usio na alama haubadiliki. Upo ili tujue mahali pa kushona. Tazama mfano huu wa methali iliyokosewa chapa:

  Wahenga walinena:
- Usipoziba ufa utajenga mkuta.
+ Usipoziba ufa utajenga ukuta.
  Nasi tumesikia.

Umeona? Huna haja ya kutuma kitabu kizima kwa ajili ya herufi moja. Mkaguzi aliye Kampala au Kigali huona mara moja kilichobadilika. Hata hivyo kuna adabu zake. Kiraka kimoja kitibu hitilafu moja. Kiambatane na maelezo ya kwa nini badiliko linahitajika, maana lenyewe linaonekana lakini sababu yake haionekani. Tena kiwe na jaribio litakalopiga kengele kosa lile likirudi siku nyingine.

6. Ukaguzi: kuaminiana kwa macho wazi

Wengine huuliza, "Ikiwa yeyote anaweza kuleta kiraka, mwovu naye je?" Swali hilo ni zuri. Kiraka hakishonwi mpaka wasimamizi wa mradi wakisome, waulize maswali, wakirudishe kikiwa na dosari, kisha wakijaribu. Kurudishiwa kiraka si aibu. Ni kama mwalimu kurudisha insha yako ikiwa na wino mwekundu.

Hata hivyo hila zipo. Iko programu huria ya kubana mafaili iitwayo xz, ambayo kwa miaka mingi ilitunzwa kwa kujitolea na mtu mmoja karibu peke yake. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitokeza kumsaidia, akaleta viraka vyema kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa. Kumbe! Mapema mwaka wa 2024, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, alipenyeza mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Mhandisi Andres Freund, akiwa katika shughuli zake nyingine kabisa, aligundua kwamba kuingia katika kompyuta kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Wengine tungesema, "Ah, ni mashine tu imechoka." Yeye hakupuuza. Alisaka, akapata, na tarehe 29 Machi 2024 akaeleza hadharani alichokiona, hatua kwa hatua. Mafundi kote ulimwenguni wakarudi upesi katika matoleo ya zamani.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, uwazi wa msimbo peke yake haulindi kitu kama hakuna anayeusoma. Pili, mtunzaji akiachwa peke yake huchoka, na uchovu wake ni ufa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

7. Nasi je?

Mwanafunzi mwenzangu, huhitaji kungoja chuo kikuu ndipo uchangie. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kupigia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Waliofanya kazi hiyo walihitaji watu wenye kujua lugha sawasawa na wenye kujua kompyuta. Tafsiri mbaya nayo ni hitilafu, na hurekebishwa kwa kiraka vile vile. Ukiona katika programu huria Kiswahili kinachokwaruza sikio, usicheke ukapita. Andika ripoti: ni ukurasa gani, neno gani, kwa nini si sahihi, na lipi lifaalo.

Kwa hivyo wale wanaotuuliza ati Kiswahili kitatufikisha wapi, tuwajibu kwa utaratibu. Anayeweza kueleza alichokiona bila kuongeza chumvi, bila kuruka hatua na bila matusi, ameshafungua njia ya dawa. Ujuzi huo ndio tunaofunzwa kila tuandikapo ripoti na maelezo darasani.

Mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya "bure" na "huria" ukitumia mfano wako mwenyewe.
2. Chagua kifaa chochote shuleni chenye kasoro, kiwe bomba, taa au kufuli. Andika ripoti ukifuata mambo matano yaliyotajwa, kisha mpe mwenzako asiyekijua kifaa hicho. Je, ameelewa bila kukuuliza swali?
3. Ikiwa mabadiliko ni 128, majaribio mangapi yatatosha kulinasa lenye kosa?
4. Tafuta kosa la chapa katika jarida hili, ulitie kiraka kwa alama za kutoa na kujumlisha, kisha umletee mhariri. Tunakuahidi hatutakasirika.

Kalamu naiweka chini. Wasalaam.