Mafunzo Niliyopata kwa Kalipa ya Vernia

Huku Mgwashi, kwenye milima ya Usambara, fundi pikipiki akikosea saizi ya beringi, kazi inalala. Spea nyingi tunaziagiza Lushoto au Mombo, na anayetuletea ni dereva asiye na habari kama tundu la beringi ni milimita 15 au 17. Ndiyo maana kupima vizuri kwa kalipa ni lazima, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Soma pale iliposimama sifuri ya vernia, yaani ile skeli ndogo inayoteleza. Wanaoanza hukodolea macho ukingo wa taya. Hesabu milimita nzima ambazo sifuri ya skeli ndogo imezipita, kisha tafuta mstari wa skeli hiyo uliokutana sawasawa na mstari wowote wa skeli kuu. Sifuri imepita 14, mstari wa 8 ndio uliokutana: ni milimita 14.8. Vigawanyo 10 vya skeli ndogo vimetoshea ndani ya milimita 9, hivyo kila kimoja kimepungukiwa milimita 0.1. Mfaransa Pierre Vernier aliutangaza ujanja huo mwaka 1631. Kalipa nyingine husoma 0.05 au 0.02, basi angalia maandishi yake kabla hujajumlisha.

2. Kabla ya kupima, funga taya kwanza. Sifuri ya vernia ikiangukia kulia kwa sifuri ya skeli kuu, toa tofauti hiyo kwenye kila kipimo. Ikiangukia kushoto, ongeza.

3. Ekseli ipime mara mbili, mara ya pili ukiwa umeizungusha robo. Vipimo vikipishana, imelika upande mmoja, na beringi mpya haitaiponya. Mwenye pikipiki atanung'unika, lakini mwambie.

4. Namba ya beringi iliyofutika hupatikana kwa vipimo vitatu: tundu, nje na unene. 15, 35 na 11 ni 6202. 17, 40 na 12 ni 6203. Tarakimu mbili za mwisho ndizo tundu: 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Kuanzia 04, zidisha kwa 5.

5. Baridi ya Usambara haina kosa. Chuma husinyaa, kweli, ila ekseli ya milimita 15 ikipoa nyuzi 10 hupungua chini ya milimita 0.002, na kalipa haioni hilo. Tope na grisi ndivyo vinavyodanganya. Futa kwanza.

Ukiagiza, usimwambie muuza spea "ile ya gurudumu la nyuma". Mtumie vipimo vyote vitatu kwa ujumbe wa simu, avisome mwenyewe.