Viwanja vya Michezo na Fedha za Umma

Katika vijiji na mitaa mingi ya Kenya, vijana hucheza mpira mahali po pote penye nafasi: kando ya barabara, katika shamba lililokwisha kuvunwa, au katika ploti tupu ambayo mwenyewe hajaanza kujenga. Siku mwenyewe anapoleta mawe na saruji, mchezo hukoma. Vijana hulalamika ya kuwa Serikali haiwajali, na wazee hulalamika ya kuwa vijana wanazurura. Malalamiko hayaleti kiwanja. Yafaa watu waijue njia ya fedha za umma na kuifuata kwa wakati wake.

KAZI HII NI YA NANI?

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka michezo na mahali pa kuchezea miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Serikali hizo, 47 kwa jumla, zilianza kazi mwaka 2013. Katiba yaagiza pia ya kwamba kaunti zote pamoja zipewe kila mwaka fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Juu ya fungu hilo, kila kaunti hukusanya kodi za viwanja, ada za leseni na ushuru wa masoko. Kwa hiyo mama auzaye nyanya sokoni na kulipa ushuru wake ni mmoja wa wenye fedha hizo, naye ana haki ya kuuliza zinatumikaje.

WAKATI WA KUOMBA

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Watu wengi hudhani ya kuwa ombi likipelekwa mwezi wa Juni limewahi. Sivyo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufikishwe mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, yaani miezi 10 kabla ya mwaka wenyewe kuanza. Makadirio ya fedha nayo hufikishwa huko kabla ya tarehe 30 Aprili.

Tena, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yakataza fedha za umma kutengwa nje ya mipango. Kiwanja kisichoandikwa katika mpango hakiwezi kupata fedha, hata kama mkubwa fulani amekiahidi jukwaani. Basi vijana na wahudhurie mikutano ya wananchi ya kupanga maendeleo katika wadi yao, nao wahakikishe ya kuwa jina la kiwanja limeandikwa. Wasipopata nafasi ya kusema mkutanoni, sheria hiyo hiyo yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa Bunge la Kaunti.

ARDHI KWANZA

Kiwanja cha kandanda chenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 huchukua mita za mraba 7,140, yaani karibu eka moja na robo tatu, bila kuhesabu mahali pa watazamaji. Ikitakiwa njia ya kukimbilia ya mita 400, zahitajika zaidi ya eka nne. Ardhi kubwa namna hiyo huwatamanisha wengi. Ikiwa haikupimwa na kuandikishwa kuwa mali ya umma, aweza kutokea mtu mwenye hati, na fedha zote zilizotumika zikapotea. Kwa sababu hiyo yapasa kuuliza habari za hati kabla ya kuuliza habari za magoli. Pasipo na ardhi ya kutosha, yawezekana kupatana na halmashauri ya shule ya jirani, ili wanafunzi watumie kiwanja siku za masomo na wanakijiji wakitumie siku nyingine.

BAADA YA KUJENGA

Fedha za maendeleo hujenga mara moja tu, bali majani huota kila mvua inyeshapo. Kukata majani, kuzibua mifereji, kusafisha vyoo na kumlipa mlinzi hutoka katika fedha za matumizi ya kawaida. Ombi lisilotaja gharama hizo ni ombi la kiwanja cha miaka miwili. Yafaa pia wasichana wakumbukwe tangu mwanzo kwa uwanja wa netiboli au voliboli, na wenye ulemavu wawekewe njia ya kuingilia.

KUFUATA HESABU

Kazi ikianza, wananchi wana haki ya kujua mkandarasi amepewa kiasi gani. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yamwagiza ofisa wa umma kumjibu mwombaji katika siku 21. Mwisho wa mwaka, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa taarifa ambayo mtu ye yote aweza kuisoma.

Haba na haba hujaza kibaba. Kijiji kinachohudhuria mikutano, kinacholinda hati yake na kuuliza hesabu kwa adabu bila kuchoka, ndicho ambacho watoto wake watacheza bila kufukuzwa.