Leseni ya Kidijitali: Lipa kwa Simu Yako, kwa Akaunti Yako

Kile kijitabu chekundu cha leseni ya udereva kimezeeka. NTSA ilileta kadi yenye chipu, na siku hizi maombi na malipo hupitia eCitizen. Kuna nchi zilizoenda mbele zaidi. Norway iliweka leseni ndani ya simu mwaka wa 2019, ingawa dereva wao akivuka mpaka bado anahitaji kadi. Lakini iwe kadi au simu, leseni yenyewe ni ile rekodi iliyo kwenye mfumo. Ndiyo maana picha ya skrini ya leseni ya mtu haikufanyi kuwa dereva.

Sasa swali: nani ana ufunguo wa rekodi yako?

Wengi wetu hukimbilia saiba. Kijana anakufungulia akaunti kwa barua pepe yake na nambari yake ya simu, unampa pesa taslimu, anakulipia, unaondoka na risiti. Leseni ikikaribia kuisha, saiba imehama na msimbo wa kuingilia unatumwa kwa simu ya mtu usiyemjua. Huwezi kufungua akaunti nyingine hivi hivi, maana nambari ya kitambulisho chako tayari imetumika. Kama unaendesha boda au matatu, hizo ni siku bila kazi. Si ati watu wa saiba ni wabaya, wengi ni waungwana. Waache wakusaidie kuandika, lakini nambari ya simu iwe yako, nywila uiweke mwenyewe, na ulipe kwa simu yako.

Kuhusu kulipa: nambari ya Paybill ya eCitizen ni 222222. Nambari ya akaunti ni ile inayotokea kwenye skrini ukimaliza ombi, si ya kitambulisho wala ya leseni. Hapa ndipo watu hukosea. Ikiwa simu inakuitisha pini moja kwa moja, soma jina na kiasi kwanza, kisha uweke pini.

Ukipata ujumbe unaosema leseni yako ya kidijitali iko tayari, tuma ada kwa 07 au 01 fulani, hiyo ni nambari ya mtu. Serikali haikusanyi ada hivyo. Usitume, na usibonyeze kiungo chochote kilichomo.

Simu ikipotea, funga laini kwanza, halafu nenda na kitambulisho urudishiwe nambari ile ile. Misimbo ya eCitizen itaendelea kukufikia.

Ukilipa na hali ya ombi isibadilike, usilipe mara ya pili. Tupigie. Na ujumbe wa malipo usiufute: ule msimbo ulio mwanzoni ndio tutakaokuuliza kwanza.