Timu ya Kikapu Masasi au Newala? Namna ya Kuupima Mji Kabla ya Kuupa Timu

Mpira wa kikapu wa Tanzania umejikita Dar es Salaam. Savio, Vijana, JKT, Pazi, ABC na Dar City zote ni timu za jiji moja, na Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa namba mbili kuingia NBA mwaka 2009, alikulia hukohuko. Kwa jirani zetu Uganda mambo hayatofautiani sana: City Oilers wa Kampala walitwaa ubingwa mwaka baada ya mwaka kuanzia 2013, na miji ya mikoani ikabaki kusikiliza matokeo. Kwa hiyo anayetaka kuanzisha ligi ndogo ya kulipwa nje ya majiji, hata kama malipo yenyewe ni posho ya mechi na nauli, hana mahali pa kunakili. Lazima aipime miji mwenyewe.

Makala haya yanachukua mfano wa Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Yameandikwa kwa ajili ya maofisa michezo wa halmashauri, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), walimu wa michezo na vijana wanaotamani kuona timu ya kwao. Mimi naamini kusini panaweza kubeba ligi ya namna hiyo. Siamini kwamba kila mji unaoomba timu unastahili kupewa mwaka wa kwanza.

Kosa la kwanza la waanzishaji wa ligi ni kufungua kitabu cha sensa na kuupa timu mji wenye watu wengi. Idadi ya watu haisemi nani atacheza, nani atakuja kutazama, wala gari litatoka wapi. La pili ni kupanua ligi haraka. NBA yenyewe ilipoundwa kwa kuunganisha ligi mbili mwaka 1949 ilianza na timu 17, zikiwemo za miji midogo kama Waterloo, Sheboygan na Anderson. Baada ya msimu mmoja tu, zote tatu zikawa zimetoka. Anderson walikuwa wamefika nusu fainali, lakini uwanjani kushinda ni jambo moja na kulipa gharama za kusafiri kwenda miji mikubwa ni jambo jingine.

Anza na wachezaji. Nenda Masasi na Newala siku za kazi, saa tisa na nusu alasiri, masomo yakiisha, uone ni shule zipi zina ringi zinazotumika na zipi zina nguzo zilizoota kutu. Masasi ina Shule ya Sekondari ya Wasichana na, nje ya mji, Chidya na Ndanda, shule kongwe zenye mabweni. Newala ina Nangwanda. Mwulize mwalimu wa michezo ni vijana wangapi wa shule yake waliwahi kufika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa kwa kikapu. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: wakishamaliza kidato cha nne wanakwenda wapi? Ligi ya kulipwa haichezwi na watoto wa shule. Inahitaji vijana wa miaka 18 hadi 28 wanaolala mjini, na hao utawakuta vyuoni, kama Chuo cha Ualimu Kitangali wilayani Newala, kwenye ajira za halmashauri na hospitali, kwa bodaboda na madukani. Kama huwezi kuandika majina 20 ya wanaojua kucheza, mji huo bado. Upe mipira na kocha, usiupe timu.

Usipuuze netiboli. Huku kusini utakuta wasichana wengi zaidi kwenye netiboli kuliko kwenye kikapu, na ringi ya michezo yote miwili iko juu kimo kilekile, meta 3.05. Mji wenye netiboli hai una wasichana wanaojua kudaka, kugeuka na kulenga. Wanachokosa ni kudundisha. Ningeupa mji timu ya wanawake na ya wanaume kwa pamoja, zisafiri gari moja.

Fedha za korosho

Hakuna anayeujua Uwanda wa Makonde, ambako Newala iko, bila kuijua korosho. Mavuno huanza mwishoni mwa kiangazi, na minada ya stakabadhi ghalani hupamba moto kuanzia Oktoba hadi mwaka kuisha. Miezi hiyo Newala na Masasi ni miji mingine kabisa: gesti zinajaa, pikipiki mpya zinaonekana, mabenki yana foleni. Kufikia Machi mtu huyohuyo anafikiria shilingi elfu moja mara mbili.

Ratiba ya ligi inapaswa kufuata pumzi hiyo. Mvua za huku ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na kiwanja cha wazi hakichezeki saruji ikiwa imelowa. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ni kizuri kwa mazoezi na mechi za kirafiki. Msimu wenyewe ningeuweka Oktoba na Novemba, wakati anga bado kavu na mfukoni kuna kitu, na mwezi wa Ramadhani ukiangukia humo nauhamisha bila mjadala. Mechi za nyumbani na ugenini ziwe Jumamosi alasiri, ili zisigongane na Ijumaa wala na ibada ya Jumapili. Mechi ya robo nne za dakika kumi humalizika ndani ya saa mbili hivi, kwa hiyo ikianza saa tisa na nusu huhitaji taa.

Lakini fedha ya korosho haina ahadi. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za minadani, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulitumia Jeshi kuikusanya, na wapo waliosubiri malipo yao kwa miezi. Timu iliyotegemea kiingilio na mchango wa msimu ule ingekufa kabla ya raundi ya pili. Ndiyo maana sharti langu kwa mji wowote wa korosho ni akiba ya nauli ya msimu mzima iwe benki kabla ya ratiba kutangazwa.

Upande wa wadhamini kuna jambo la kuangalia kwa makini. Newala iko chini ya TANECU, chama kikuu cha ushirika kinachoiunganisha na Tandahimba. Masasi iko chini ya MAMCU pamoja na Mtwara na Nanyumbu. Yaani miji hii miwili, iliyotengana kilometa 70 hivi, ina vyama vikuu viwili tofauti. Ukienda na timu moja ya "Masasi na Newala" utajibiwa na kila chama kwamba mwenzake ndiye alipe. Na kumbuka kwamba fedha ya chama ni ya wanachama: ombi lipite kwenye mkutano mkuu, liandikwe kwenye muhtasari, lisiishie kwenye ofisi ya mwenyekiti.

Njia ya kudumu zaidi ni wananchi kumiliki timu kwa hisa ndogondogo. Green Bay, mji wa Marekani wenye watu kama laki moja, una timu ya mpira wa Kimarekani, Packers, inayomilikiwa na wanahisa wasiogawana faida tangu 1923, na hadi leo hakuna tajiri aliyeweza kuihamisha. Watu wanaoendesha AMCOS, wanaopima, kuandika na kukaguliwa kila msimu, wanaujua utaratibu huu kuliko wanavyodhani.

Kiwanja na barabara

Usikubali mji kwa ahadi ya kujengewa kiwanja. Kubali mji wenye kiwanja kilichomwagwa saruji, au wenye eneo lenye hati pamoja na saruji iliyokwisha kununuliwa. Kiwanja rasmi cha kikapu ni meta 28 kwa 15, na pembeni ziachwe meta mbili kila upande. Ukimwaga sakafu ya meta 32 kwa 19 inatosha, na netiboli, yenye meta 30.5 kwa 15.25, inaingia humohumo. Chora mistari kwa rangi mbili.

Newala ina shida yake ya pekee: maji. Uwanda ule hauna mito juu yake, na tangu miaka ya 1950 umetegemea mradi wa Makonde wa kupandisha maji kutoka bondeni. Saruji mpya inahitaji kumwagiliwa kwa siku saba angalau. Ikikaushwa na jua itapasuka, na kiwanja chenye nyufa kinavunja vifundo vya miguu. Bajeti ya Newala iwe na fungu la maji ya ujenzi, na ujenzi upangwe wakati maji si ya kugombania na kina mama wenye ndoo. Mji haupendi timu iliyowanyang'anya watu maji.

Masasi haiko juu ya uwanda. Iko chini upande wa magharibi, kati ya vilima vya mawe, na ni njia panda: barabara ya Mtwara na Lindi, ya Nachingwea, na ya Mangaka, inayoendelea Tunduru hadi Songea na kuchepukia Daraja la Umoja mpakani na Msumbiji. Timu mgeni kutoka Songea au Lindi inafika kwa lami na kupata gesti na basi la asubuhi. Kuna Hospitali ya Mkomaindo mjini, na ya Ndanda si mbali. Newala ndiyo yenye kupanda. Barabara ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilometa 160, iko kwenye ujenzi wa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kipande cha Masasi na Newala kikikamilika, hesabu za nauli zitabadilika kabisa. Hadi hapo, panda costa mwenyewe kutoka stendi ya Masasi, upime saa na uulize bei ya kukodi gari zima kwa watu 30. Bei hiyo, mara idadi ya safari, ndiyo gharama kubwa kuliko zote za ligi.

Ili kuipunguza, msimu wa kwanza uchezwe kwa vituo. Timu sita zikicheza nyumbani na ugenini ni mechi 30, na kila timu inasafiri mara tano. Zikikusanyika mara mbili kwa siku tano, mechi tatu kwa siku, mechi 30 zinakamilika na hakuna anayesafiri zaidi ya mara mbili. Ubaya ni kwamba miji mingine haioni timu yake nyumbani, kwa hiyo usiufanye utaratibu huu uwe wa kudumu. Soka la hukuhuku kusini linatufunza: timu ya Ndanda ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014 ilibeba jina la Ndanda lakini nyumbani kwake kulikuwa Nangwanda Sijaona, mjini Mtwara. Namungo, timu ya Ruangwa, ilipopanda mwaka 2019 watu wake walikuwa na Uwanja wa Majaliwa karibu nao, na katika msimu wa 2020/21 timu yao ikawemo makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Uamuzi wangu ni huu. Masasi ipewe timu mwaka wa kwanza, pamoja na Mtwara, Lindi na Songea, na miji miwili zaidi itakayopita kipimo cha majina 20. Newala isipewe timu mwaka huo, ila ipewe kituo cha vijana chenye kocha anayelipwa, pamoja na mechi mbili za maonyesho za Masasi mwezi Oktoba, kiingilio chote kikibaki Newala kwa ajili ya sakafu. Msimu wa tatu Newala iingie kwa jina lake na kwa udhamini wake. Mechi kati ya miji hiyo miwili, yenye watani waliozoeana tangu zamani, itajaza kiwanja chochote utakachojenga.

Utaratibu wa kisheria uanze mapema. Klabu husajiliwa kwa Msajili wa Vyama na Vilabu vya Michezo, chini ya Baraza la Michezo la Taifa, na safari ya fomu huanzia kwa ofisa michezo wa wilaya. Andaeni katiba, orodha ya wanachama na muhtasari wa mkutano wa kuanzisha klabu. Chama cha kikapu cha mkoa na Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania (TBF) wajue ligi yenu kabla ya mchezaji wa kwanza kusaini, kwa sababu waamuzi watatoka kwao. Na mkataba wa kiwanja usainiwe na halmashauri kwa miaka isiyopungua mitatu, ukitaja siku za mechi kwa majina, ili mnada au mkutano wa hadhara usije ukawakuta Jumamosi mmeshachora mistari.