Jumatano: Kumfundisha Kijana wa Mpakani

Soma Mithali 5:1–20 na 1 Wakorintho 6:18–20. Baba anamwambia mwanawe mambo gani waziwazi?

Korintho ulikuwa mji wa biashara, wenye wageni, fedha na uasherati mwingi. Tunduma nayo ni mlango wa nchi. Malori yaendayo Nakonde, Zambia, hupanga foleni, na binti anayeuza matunda kandokando ya barabara hukutana na ahadi za kila namna. Paulo hakuwanyamazia Wakorintho. Aliwaagiza waikimbie zinaa, akawapa sababu: mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu.

Wazazi wengine huogopa kwamba mwalimu akitaja kondomu, mtoto amepewa ruhusa. Lakini baba wa Mithali alitaja hatari bila kuificha, kisha akaisifu ndoa. Tamko la Kanisa la mwaka 1998 kuhusu magonjwa ya zinaa halihesabu kondomu kuwa kibali cha zinaa. Hata hivyo, anayezini bila kinga huongeza kosa juu ya kosa, kwa kuhatarisha uhai wa mwingine. Kijana aelezwe ukweli wote: kondomu hupunguza hatari ya VVU na mimba, haiimalizi, kujitunza hadi ndoa ndiyo njia ya Mungu. Na aliyeanguka asifungiwe mlango (Yohana 8:11).

Yusufu alikimbia (Mwanzo 39:12) kwa sababu alikwisha kuamua. Kijana ataamuaje jambo asilofundishwa?

Nyumba na kanisa vikinyamaza, mtoto wa Tunduma atafundishwa na nani? Darasa lenu litafanya nini robo hii?